Kushuka Kabla ya Tunduma

Basi linalotoka Dar es Salaam alfajiri kwenda Mbeya hupita kwa siku moja mahali pengi kuliko wanapopaona wageni wengi wa kulipia kwa wiki nzima. Hukata katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, kilomita zipatazo 50, na abiria huwaona pundamilia, twiga na mara nyingine tembo bila kutoa hata shilingi. Hushuka hadi kwenye mibuyu na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, hupanda kona za Kitonga likiwa nyuma ya malori, hutokea Ilula kwenye matenga ya nyanya, kisha hupita chini ya mlima uliobeba mji wa Iringa. Baada ya hapo ni Mafinga na misitu ya Sao Hill, baridi ya Makambako, mashamba ya mpunga ya Mbarali, Chimala, Uyole, Mbeya. Anayeendelea hufika Tunduma, mpakani na Zambia. Njia nzima abiria yuko dirishani. Anapiga picha kwa simu, anamuuliza jirani yake hapa ni wapi, na basi linasonga.

Mtu huyu ndiye mtalii ambaye Nyanda za Juu Kusini zimekuwa zikimtafuta mbali kwa miaka mingi. Utalii wa kusini ukijadiliwa, mazungumzo hukimbilia viwanja vya ndege, maonesho ya nje ya nchi na namna ya kumvuta mgeni aliyezoea Serengeti. Hayo yana nafasi yake. Tanzania ilipokea wageni wa kimataifa milioni 1.8 mwaka 2023, na ni haki mikoa ya kusini kudai sehemu yao. Lakini barabara kuu inayopita Iringa na Mbeya imejaa watu kila siku, wengi wao wakiwa na uwezo wa kulipia chumba cha usiku mmoja, sahani mbili za chakula na kiingilio cha hifadhi. Wanachokosa ni sababu ya kushuka, na usafiri wa kumaliza kilomita 20 au 100 zinazobaki kati ya stendi na mahali penyewe.

Miji hii ilikuzwa na watu waliokuwa wakielekea kwingine. Mbeya ilianzishwa mwaka 1927, siku za dhahabu ya Lupa kule Chunya. Mwaka 1932 ndege za Imperial Airways zilizotoka Uingereza kwenda Cape Town zilikuwa zikitua hapo. Baadaye likaja bomba la mafuta la TAZAMA, barabara ya TANZAM, na reli ya TAZARA iliyojengwa kuanzia 1970 hadi 1975 kwa msaada wa China, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Dhahabu, abiria wa ndege, mafuta, shaba: vyote vilipita. Kando yake zikaota gesti, gereji, mama lishe wa stendi na wauza mahindi ya kuchoma. Uchumi huo wa wapitaji upo mpaka leo na haustahili kubezwa, kwa sababu dereva wa lori anayelala Mafinga hulipia chumba, chakula na maegesho, na hela yake haipitii kwa wakala wa mbali.

Tatizo ni kwamba mpitaji anapita haraka zaidi kila mwaka. Kwa karibu miongo mitatu mabasi hayakuruhusiwa kusafiri usiku, na wasafiri wa masafa marefu walilazimika kulala njiani. Mwaka 2023 serikali iliporuhusu tena safari za usiku, wafanyabiashara na wanafunzi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini matokeo yake mengine ni kwamba anayepanda basi jioni Dar es Salaam anaamka Mbeya asubuhi bila kuiona Kitonga, achilia mbali mashoka ya kale ya Isimila. Zamani mji mdogo ulipata mgeni kwa sababu giza lilimkuta pale. Sasa ni lazima uwe na kitu chake cha kumsimamisha.

Hifadhi ya Taifa ya Ruaha ilitangazwa mwaka 1964. Mwaka 2008 Pori la Akiba la Usangu liliunganishwa nayo, eneo likafika takriban kilomita za mraba 20,000, ikawa kubwa kuliko hifadhi zote nchini mpaka ilipotangazwa Hifadhi ya Nyerere mwaka 2019. Wanyama wa Afrika Mashariki na wale wa misitu ya miombo ya kusini hukutana hapa: tandala mkubwa na tandala mdogo, palahala na korongo, wote ndani ya hifadhi moja. Simba ni wengi, mbwa mwitu wapo, na aina za ndege zinapita 570. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, wanyama husogea kwenye Mto Ruaha Mkuu na mtu anaweza kukaa darajani Ibuguziwa akawatazama viboko na mamba bila kuzungushwa na gari kutwa nzima.

Mgeni anayelipa zaidi Ruaha hufika kwa ndege ndogo. Hutua ndani ya hifadhi, hupokelewa na gari la kambi, hulala siku tatu au nne kwenye hema la kifahari kando ya mto, kisha hurudi angani. Hifadhi hupata ada yake, na Watanzania kadhaa hupata ajira, mishahara ambayo ni ya kweli na inasomesha watoto. Lakini mji wa Iringa wenye watu zaidi ya laki mbili, ulio umbali wa kilomita 100 na ushei, haumuoni mtu huyo hata kwenye duka la vocha. Kwake Iringa ni jina la mkoa kwenye ramani.

Marekani, katika milima ya Great Smoky, upo mpangilio wa namna nyingine. Hifadhi ile hutembelewa zaidi ya mara milioni 12 kwa mwaka na haina kiingilio. Ndani yake kuna nyumba moja tu ya kulala wageni, LeConte Lodge, inayofikiwa kwa miguu. Asiyepanda mlima na asiyepiga kambi hulala nje, kwenye mji mdogo wa Gatlinburg na miji jirani, anakula huko, ananunua huko. Gatlinburg imelipa gharama zake, ikiwamo misongamano na kelele ambazo sizitamani ziifike tarafa ya Idodi, jirani na Ruaha. Hata hivyo uamuzi ule wa kutojaza vitanda ndani ya hifadhi umefanya kazi kuliko semina nyingi za kuwawezesha wananchi. Kwetu kila kitanda kipya kinachojengwa ndani ya Ruaha ni kitanda ambacho kijiji jirani cha Tungamalenga kimekikosa.

Tungamalenga ndicho kijiji cha kuanzia kwa anayeiendea Ruaha kwa barabara. Kina kambi na nyumba za wageni za bei ya kati, na basi la abiria la kutoka Iringa hufika hapo. Ni kimoja kati ya vijiji 21 vya tarafa za Idodi na Pawaga vilivyounda jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori ya MBOMIPA, iliyotangazwa rasmi mwaka 2007, ili wanakijiji wapate mapato kutokana na wanyama wanaoishi nao. Wanaishi nao kwelikweli: tembo huingia kwenye mahindi, simba huchukua ng'ombe. Mgeni anayelala Tungamalenga na kula wali uliopikwa kijijini analipa sehemu ya deni hilo, hata kama hajui.

Kwa Mtanzania, kiingilio cha Ruaha hakimzuii. Raia hulipa kwa shilingi, kiasi ambacho familia ya mwalimu inaweza kukitenga. Kinachomzuia ni gari. Akifika Tungamalenga kwa basi, bado hawezi kuingia hifadhini kwa miguu wala kwa bodaboda, ni lazima akodi Land Cruiser, alipie mafuta, dereva na kiingilio cha gari lenyewe. Gharama hiyo ikigawanywa kwa watu saba inabebeka. Akiwa peke yake na mwenzake anarudi Iringa. Wanafunzi wa chuo cha Mkwawa, wa Chuo Kikuu cha Iringa na wa Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha hukaa Iringa miaka mitatu, na wengi huhitimu bila kumuona tembo wa Ruaha, huku magari yakipita yakiwa na viti vitupu. Hakuna ofisi moja mjini inayowakusanya watu saba wasiojuana ikawapakia gari moja siku ya Jumamosi. Jambo dogo kama hilo lingebadilisha hesabu ya hifadhi nzima kwa mkazi wa kawaida.

Iringa yenyewe ina vya kutosha kumsimamisha mtu siku mbili, na hapa nataka nikae kidogo, maana mji huu hutajwa kama mahali pa kujaza mafuta. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, karibu na barabara hiyohiyo ya mabasi, jeshi la Wahehe chini ya chifu wao Mkwawa lilivamia msafara wa Wajerumani na kumuua kamanda wao, Emil von Zelewski. Wajerumani walirudi na mizinga, wakaiteka ngome ya Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894. Mkwawa alipigana vita vya msituni miaka karibu minne mingine, hadi alipojiua Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898 asikamatwe. Kichwa chake kilikatwa, na fuvu likapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ule uliofunga Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, una kifungu cha 246 kinachodai fuvu hilo lirudishwe. Lilirudi mwaka 1954, likakabidhiwa na Gavana Edward Twining, na sasa limehifadhiwa katika makumbusho ndogo ya Kalenga.

Kalenga iko kilomita zipatazo 15 kutoka mjini, kwenye njia ya kwenda Ruaha. Njia ya kuingilia Mlambalasi, lilipo kaburi la Mkwawa, iko mbele yake kwenye barabara ileile. Kila gari la watalii linalokwenda Ruaha kwa nchi kavu hupita karibu na milango hiyo miwili. Kama dereva hakuambiwa asimame, hasimami, kwa sababu anawahi geti. Nimeshindwa kuelewa kwa nini safari ya Ruaha huuzwa kama safari ya simba peke yake, wakati njia ya kuufikia mto inapita juu ya moja ya vita vikubwa vya kupinga ukoloni katika Afrika Mashariki. Mtoto wa darasa la saba ameisoma habari ya Mkwawa. Akipelekwa Kalenga asubuhi na akamwona kiboko jioni, atayakumbuka yote mawili maisha yake yote.

Upande wa pili wa mji, kama kilomita 20 kwenye barabara ya Mbeya, iko Isimila. Mashoka ya mawe ya zama za kale yaligunduliwa hapo mwaka 1951, na Clark Howell akaongoza uchimbuaji mwaka 1957 na 1958. Yametapakaa kwa wingi wa kushangaza kwenye korongo kavu, na mbele yake zimesimama nguzo za mchanga mgumu zilizochongwa na maji na upepo. Kutoka barabara kuu hadi hapo ni mwendo mfupi wa bodaboda. Basi lolote la Mbeya linaweza kumshusha mtu njia panda. Mjini kwenyewe jengo la zamani la boma la Wajerumani limekuwa makumbusho ya mkoa tangu mwaka 2016, jiwe la Gangilonga linapandika jioni jua likizama, na Neema Crafts, kazi iliyoanzishwa na Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana mwaka 2003, inauza kazi za mikono za watu wenye ulemavu pamoja na kahawa nzuri. Msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, ukifika, mgeni akisalimiwa "kamwene" na kukaribishwa kikombe, atajua amefika Uhehe.

Lakini hakuna mtu anayeweza kuizungumzia Ruaha kwa uaminifu akaishia kwenye vivutio. Mto Ruaha Mkuu unazaliwa kwenye milima ya Uporoto na Kipengere, mito yake midogo ikiwamo Chimala, Kimani na Mbarali inashuka hadi bonde la Usangu, maji yanatulia kwenye ardhi oevu ya Ihefu, ndipo yanaingia hifadhini na baadaye kwenye mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi. Viboko hubanana kwenye madimbwi, samaki hufa, na wanyama hutembea mbali kutafuta maji. Kilimo cha umwagiliaji cha mpunga kinabeba sehemu kubwa ya sababu, hasa maji yanayoendelea kuchepushwa hata baada ya mavuno.

Jibu la serikali lilikuwa zito. Mwaka 2006 wafugaji na makundi yao ya ng'ombe walianza kuondolewa Ihefu, na mwaka 2008 mipaka ya hifadhi ikapanuliwa kuijumuisha Usangu, pamoja na ardhi iliyokuwa ikikaliwa na wanavijiji wa Mbarali. Mgogoro huo haukuisha. Mradi wa REGROW, uliopewa mkopo wa dola milioni 150 na Benki ya Dunia mwaka 2017 kwa lengo la kukuza utalii wa kusini, uliingia humohumo. Wananchi wa Mbarali walilalamika kwamba wananyanyaswa na kutishiwa kuondolewa, malalamiko yakafika kwenye jopo la ukaguzi la benki, fedha zikasimamishwa Aprili 2024, na Novemba mwaka huo mradi ukafutwa. Hapo palikuwa na fedha za barabara za hifadhini, viwanja vidogo vya ndege na mafunzo ya waongoza watalii. Zimekwenda.

Fundisho ninaloliona ni kwamba utalii ulioanza kwa kuhesabu mipaka ya hifadhi, ukawaweka watu wa nje ya mpaka kama tishio, ulivunjika kwa sababu ya watu haohao. Mchele wa Mbarali unaliwa Dar es Salaam, umeme wa Mtera unawasha taa Dodoma, na kiboko wa Msembe, makao ya hifadhi ya Ruaha, anahitaji maji yaleyale. Mgeni anayepita Usangu barabarani akaelezwa habari hii na mkulima mwenyewe, akaona mifereji na mabanio, ataielewa Ruaha kuliko aliyetua Msembe na kuukuta mto umekauka bila kujua kwa nini. Kuna safari nzuri sana hapa ambayo hakuna anayeiuza: kuufuata mto kutoka kwenye maua mlimani, kupitia kwenye mpunga, hadi kwa simba.

Maua hayo yako Kitulo. Kutoka Chimala, mahali ambapo basi husimama dakika mbili kushusha abiria, barabara ya vumbi inapanda ukuta wa mlima kuelekea Matamba kwa kona zinazoitwa Hamsini na Saba, na wanaoipita wanajua kwa nini. Chini joto la bonde, juu sweta. Matamba ni mji mdogo wa viazi, gesti chache na watu wakarimu, na ndipo yalipo makao ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo. Hifadhi hii ilitangazwa mwaka 2005, ina kilomita za mraba 412.9, na ilianzishwa hasa kwa ajili ya mimea, jambo ambalo halikuwahi kufanyika katika hifadhi nyingine ya Afrika ya tropiki. Wenyeji waliiita Bustani ya Mungu kabla Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, halijafika. Zipo aina zipatazo 350 za mimea, zikiwamo aina 45 za okidi. Uwanda uko kwenye mita zipatazo 2,600, na mlima Mtorwi unafikia mita 2,961.

Kitulo ina faida moja ambayo Ruaha haina: unatembea. Hakuna simba wala tembo wa kukuogofya, hakuna haja ya Land Cruiser ndani ya hifadhi, na mtu mwenye viatu vizuri na mwongozaji anaweza kutumia siku nzima kwa miguu. Kwa msafiri wa basi hii ndiyo hifadhi inayomfaa kuliko zote nchini. Kikwazo chake ni cha ajabu kidogo, kwamba maua huchanua wakati wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, wakati kona za Hamsini na Saba zinateleza na ukungu unafunika njia. Nane Nane inapowajaza watu Uyole kwenye viwanja vya John Mwakangale, Kitulo iko kwenye baridi kali na nyasi zimekauka. Msimu wa kwenda kusini kwa wanyama na msimu wa kwenda kwa maua haikutani, na hilo ni jema kwa miji: Tungamalenga ingepata wageni wakati Matamba imepoa, na kinyume chake, mradi mtu awe na kalenda moja inayoiunganisha misimu hiyo.

Okidi zenyewe ziko hatarini kwa sababu zinaliwa. Viazi vyake huchimbwa na kupelekwa Zambia, ambako hutengenezwa chikanda, chakula kinachopendwa sana huko. Anayechimba ni mtu wa kijiji cha jirani anayetafuta ada ya shule. Kama okidi iliyo hai haimletei chochote, na iliyochimbwa inamletea elfu kadhaa leo, hakuna askari wa hifadhi atakayeshinda hesabu hiyo. Mwongozaji kijana wa Matamba anayelipwa kuwaonyesha wageni maua hayo ana sababu yake ya kumzuia mjomba wake.

Ukizunguka upande wa pili wa mlima kutokea Mbeya, unaingia Rungwe, na hapa uzuri umejaa kiasi kwamba tatizo ni kupanga siku. Ziwa Ngosi liko ndani ya kreta kwenye safu ya Uporoto, na kulifikia ni kupanda kwa miguu ndani ya msitu wa unyevu. Mlima Rungwe, ulio karibu mita 3,000, ni makazi ya nyani wa kipunji, aliyetambuliwa na watafiti mwaka 2003, mnyama ambaye wawindaji wa Kinyakyusa walimjua siku zote na ambaye baadaye alipewa jenasi yake mwenyewe. Kwenye mto Kiwira lipo Daraja la Mungu, lililoachwa na lava, na Kijungu, ambapo maji yanajipenyeza ndani ya mwamba. Yapo maporomoko ya Kaporogwe, yenye pango nyuma yake, na ziwa Masoko lenye jengo la mawe la Wajerumani pembeni. Tukuyu iko katikati ya vyote hivi, kati ya migomba na chai, mji wa mvua isiyochoka, na huko nyama iliyopikwa na ndizi haihitaji kutangazwa. Kisha barabara inateremka Kyela kwenye kakao na mchele, hadi Matema, ufuko wa Ziwa Nyasa chini ya milima ya Livingstone, wanakouzwa vyungu vya Wakisi.

Usafiri wa hapa ni rahisi kuliko Iringa. Kosta na Noah za Tukuyu hutoka Mbeya kila baada ya muda mfupi, na karibu kila kitu kiko umbali wa bodaboda kutoka lami. Kinachomchosha mgeni wa Rungwe ni madirisha ya malipo. Ngosi na Rungwe viko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, Kitulo chini ya TANAPA, maporomoko mengine chini ya kijiji au halmashauri, Kijungu kinaingiliwa kwenye eneo la magereza. Kimondo cha Mbozi, lile pande la chuma la tani 16 lililoanguka kutoka angani na ambalo liko kilomita chache kutoka barabara ya Tunduma, kinasimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, yenye makao yake upande mwingine kabisa wa nchi. Kila mmoja ana namba yake ya malipo, saa zake za kufungua na bei zake. Mtu wa ndani anajua ampigie nani. Familia iliyoshuka kwenye basi Ijumaa jioni haijui, na baada ya kurudishwa mlango mmoja huishia hotelini kutazama mpira.

Sioni sababu ya kuanzisha mamlaka nyingine juu ya hizi. Mikoa ya Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe ingekubaliana tu kuwa na kibanda kimoja katika kila stendi kubwa, Igumbilo pale Iringa na Nanenane pale Mbeya, chenye ramani, bei zote na namba zote za malipo, na mtu wa kujibu simu hadi saa mbili usiku. Kosta moja itoke Iringa Jumamosi kwenda Kalenga, Mlambalasi na Tungamalenga, nyingine itoke Chimala kwenda Matamba wakati wa maua, tiketi zikatwe kwa simu kama zinavyokatwa za mabasi ya Dar es Salaam. Kampuni za mabasi zenyewe zingeweza kuruhusu tiketi ya kushuka na kuendelea: mtu ashuke Iringa, alale siku mbili, apande basi lao jingine kwenda Mbeya bila kulipa upya nauli ya kwanza. Hilo halihitaji mkopo wa dola milioni 150.

Wako watakaosema Mtanzania hana utamaduni wa kutalii. Sikubaliani nao. Mtanzania husafiri usiku kucha kwa ajili ya harusi, mazishi, kongamano la kwaya na mechi ya Yanga ugenini, na kila mara hutoa pesa ya chumba na chakula. Waimbaji waliokwenda Tukuyu kwa mkutano wa Kanisa la Moravian, ambalo lilifika Rungwe mwaka 1891, wako mwendo wa nusu saa kutoka Daraja la Mungu. Watu wa msiba wanaokwenda Makete wanapita kwenye uwanda wa maua. Mazoea ya kusafiri yapo. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaambia kwamba kesho asubuhi, kabla ya basi la saa nne, kuna kitu cha kuona na njia ya kufika.

Barabara ya kutoka Isyonje kupita Kitulo hadi Makete ndiyo itakayoamua mengi. Ikikamilika kwa lami, uwanda wa maua utakuwa safari ya asubuhi kutoka jiji la Mbeya, lenye watu zaidi ya laki tano, bila kupita kona za Hamsini na Saba. Hapo Matamba inaweza kuachwa kando moja kwa moja, na wageni wakarudi Mbeya jioni wakiwa na picha na viazi vya kununua njiani. Au vijiji vinavyopakana na hifadhi vinaweza kuwa tayari, vikiwa na vyumba safi vyenye blanketi nzito, waongozaji waliofunzwa majina ya maua, na supu ya moto saa kumi na mbili asubuhi, kwa kuwa okidi na ndege wa uwandani huonekana vizuri kwa anayelala juu kuliko anayepanda saa nne. Kazi ya kuandaa vyumba hivyo inapaswa kuanza sasa, halmashauri za Makete, Rungwe na Mbeya zikiwa bado zina nafasi ya kutenga viwanja kwa ajili ya wenyeji kabla bei ya ardhi haijapanda pamoja na lami.